Silinda isimame palepale kila mara: mwongozo kamili kwa mashine ya haidroliki ya kufyatua matofali ya kufungamana

Mashine nyingi za haidroliki zinazochomelewa karakana za mtaani zina nguvu ya kutosha. Kinachozishinda ni kusimama mahali pamoja. Tofali la kwanza asubuhi linatoka na kimo cha milimita 100, saa sita linatoka 102, jioni 98.5. Kwa tofali la kuchoma hilo halisumbui sana, kwa sababu udongo wa kujengea unaficha tofauti. Tofali la kufungamana, linaloshikana na mwenzake bila udongo wa kujengea, halina pa kufichia: ukipanga 102 kando ya 98.5, la juu yake linacheza, kozi ya tatu inaanza kulala, na kufika lenta ukuta una nyufa kabla haujabeba bati.

Oili haipimi urefu. Oili inasukuma, chuma ndicho kinachopima. Mashine za mkono za aina ya CINVA-Ram, iliyobuniwa Bogotá nchini Kolombia katika miaka ya 1950, zilitoa kimo kilekile kwa sababu mkono wake ukishushwa mpaka mwisho, vyuma vinafika mahali pamoja tu. Fundi anapoondoa mkono na kuweka silinda, anaondoa na kipimo chenyewe. Kazi yote ya mwongozo huu ni kukirudisha.

Mashine tunayoizungumzia

Tofali ni milimita 300 × 150 × 100. Silinda kuu inasukuma kutoka chini kwenda juu: kipenyo cha ndani milimita 100, shafti milimita 50, presha ya juu baa 200. Hiyo ni nguvu ya takriban kilonyutoni 157, yaani tani 16, sawa na megapaskali 3.5 juu ya uso wa tofali. Pampu ya gia inatoa lita 12 kwa dakika, kwa hiyo silinda inapanda milimita 25 kwa sekunde na kushuka 34. Silinda ya pili imelala na inasukuma gari lenye vitu viwili: kisanduku cha kulishia udongo na kifuniko kizito cha kalibu.

Silinda kuu ina vituo vitatu. Chini kabisa ndipo udongo unapojazwa, katikati ndipo tofali linaposhindiliwa, na juu ndipo tofali linapotolewa. Silinda ya gari nayo ina vituo vyake: kisanduku juu ya kalibu, kifuniko juu ya kalibu, na wazi. Vituo hivi havidai usahihi sawa, na fundi anayevichukulia sawa anamaliza pesa kwenye sensa pasipohitajika. Kituo cha kushindilia kinataka nusu milimita. Kituo cha kujazia kinataka nusu milimita pia. Kituo cha kutolea kinaridhika na milimita moja, na gari linaridhika hata na milimita tano ukilitengeneza vizuri.

Kwa nini silinda haisimami palepale

Sababu ya kwanza ni mwendo ukilinganisha na uchelewaji wa vali kuitika. Vali ya mwelekeo ya umeme (inayoamua oili iende upande gani wa silinda) ya saizi 6 huchukua makumi ya milisekunde kufunga baada ya umeme kukatwa. Tuseme 60. Kwa mwendo wa milimita 25 kwa sekunde, silinda inapita alama kwa milimita 1.5 kabla haijasimama. Kama ingepita 1.5 kila mara, ungerekebisha swichi na mambo yakaisha. Lakini muda huo unabadilika kwa joto la koili (waya wa sumaku unaosogeza vali), uchafu kwenye vali na mnato wa oili.

Ya pili ni joto. Oili ya VG 68 (namba ya mnato wake) ikitoka nyuzi 25 za asubuhi hadi 55 za mchana, mnato wake unashuka hadi karibu robo. Pampu ya gia iliyochakaa inavuja zaidi ndani, silinda inapungua kasi, na kila kinachotegemea muda kinahama. Ndiyo maana kusimamisha silinda kwa taima ni kosa kubwa kuliko yote. Safari ya kushindilia ni kama milimita 65. Injini ya dizeli ikishuka mizunguko kwa asilimia 10, umepoteza milimita 6.5. Taima iwe ya ulinzi tu: sekunde 5 zikipita na silinda haijafika, zima.

Ya tatu wengi hawaiamini mpaka waone: oili inabanika. Kwa kila baa 100 inapungua ujazo kwa takriban asilimia 0.7. Safu ya oili yenye urefu wa milimita 200 ndani ya silinda, kwa baa 200, imebanwa kwa karibu milimita 2.8. Hozi nazo zinavimba, fremu inanyooka. Kukiwa na hewa ndani, ongeza mara kadhaa. Yote hayo ni springi iliyokaa kati ya pampu na tofali, na udongo ukilegea kidogo springi hiyo inasukuma silinda mbele bila wewe kuamuru.

Mwisho kuna kuvuja kwa vali yenyewe. Vali ya mwelekeo ya kawaida inavuja hata ikiwa mpya, kwa hiyo silinda iliyoachwa ikining'inia katikati ya safari itatambaa.

Pima kabla ya kununua chochote

Funga saa ya kupimia, ile yenye sindano na mgawanyo wa milimita 0.01, kwenye kitako cha sumaku. Kitako kikae kwenye kuta za kalibu, si kwenye sakafu wala kwenye silinda. Ncha iguse bamba linalobebwa na shafti. Endesha mashine bila udongo mara 10 ikiwa baridi, andika kila kusimama. Rudia oili ikishapata moto wa saa moja ya kazi.

Soma namba hivi. Zikitawanyika ovyo kwenye oili ileile, tatizo ni swichi, vali au hewa. Zikikaa pamoja asubuhi, zikakaa pamoja mchana, lakini makundi mawili yameachana, tatizo ni joto na mwendo. Sindano ikisimama vizuri kisha ikatambaa ndani ya dakika tano, unavuja. Ikiruka pale unapoachia presha, unaona springi ya oili, hewa na fremu.

Kuvuja kwa sili ya pistoni kunapimwa hivi: peleka shafti nje mpaka mwisho, zima, achia presha yote, fungua hozi ya upande wa shafti na uizibe kwa plagi. Washa, weka presha ndogo upande wa nyuma, simama kando. Oili ikitiririka kwenye tundu lililo wazi, sili imekwisha. Usitafute kamwe uvujaji wa hozi kwa kiganja: mchirizi mwembamba wa baa 200 unapenya ngozi, na jeraha hilo ni la kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo hata kama linaonekana kama tundu la sindano. Tumia kipande cha boksi.

Hewa iondoe kabla ya vipimo vya pili. Safari 10 kamili bila mzigo, matundu ya silinda yakitazama juu, bomba la kurudisha oili likiishia chini ya usawa wa oili tangini. Povu lisipoisha, kagua klipu za bomba la kunyonya: pampu inavuta hewa pasipotoka hata tone la oili.

Kituo cha kushindilia: nguzo mbili

Hapa ndipo pa kuweka nguvu zako. Mafundi wengi huweka kizuizi kati ya bamba la silinda na fremu. Inafanya kazi, ila fremu ikinyooka kwa milimita moja chini ya tani 16, tofali linaongezeka milimita hiyo. Kizuizi kizuri kinakaa kati ya bamba la silinda na kifuniko chenyewe.

Chomelea au funga kwa bolti nguzo mbili kwenye bamba linalobeba kisukumio (kipande kinachoingia kalibuni kutoka chini na kusukuma udongo), nje ya kalibu, moja kila upande wa urefu wa tofali. Bamba linapopanda, nguzo zinapanda sambamba na kuta za kalibu na kugonga uso wa chini wa kifuniko. Kimo cha tofali sasa ni urefu wa nguzo ukitoa urefu wa kisukumio, basi. Fremu inyooke, oili ipate moto, kimo hakibadiliki. Na uzuri wa pili: wakati wa kutoa tofali kifuniko kimeondoka, nguzo zinapita wazi kwenye matundu ya meza ya mashine, penye mdomo wa kalibu, mpaka juu. Kituo cha katikati kinajiweka na kujiondoa chenyewe.

Vipimo vyake: chuma cha mraba cha 40 × 40. Nguzo mbili zina eneo la milimita za mraba 3,200, na hata nguvu yote ya kilonyutoni 157 ikiangukia juu yake bila udongo, ni megapaskali 49 tu, chini sana ya uwezo wa chuma cha kawaida. Urefu ukatwe na fundi mkereza ukiwa pungufu kwa milimita 2, kisha ujazie kwa shimu (vipande vyembamba vya bati) za 1.0, 0.5 na 0.2 chini ya kofia ya nguzo iliyofungwa kwa bolti moja ya M12. Shimu ziende chini ya kofia, kamwe zisikae juu yake.

Kichwa cha kofia kisiwe bapa. Chembe moja ya mchanga ya milimita moja ikikaa juu ya nguzo bapa, umeongeza milimita moja kwenye tofali. Kereza kingo za kofia zishuke kwa nyuzi 45 ili uso unaogusa ubaki 30 × 30, na udongo uteleze wenyewe. Weka na kipande cha mpira wa mkanda kwenye ukingo wa kifuniko kifute vichwa vya nguzo kinapopita.

Nguzo zote mbili lazima ziguse pamoja. Shindilia tofali, shikilia presha, jaribu kupitisha fila geji (jani la chuma la kupimia nafasi) ya 0.1 kila upande huku mkono wako ukiwa nje ya kalibu na mbali na njia ya gari. Upande unaopitisha 0.3 ongeza shimu ya 0.2 kisha jaribu tena. Ukiacha nguzo moja ibebe peke yake, kisukumio kinainama na kuta za kalibu zinaliwa upande mmoja.

Kifuniko kiwe bamba la milimita 25 lenye mbavu mbili za kusimama. Dalili ya kifuniko chepesi ni tofali lililo nene katikati kuliko pembeni. Pima kwa kalipa sehemu tano: pembe nne na katikati.

Kituo cha kujazia: bolti za M24

Ukishaweka nguzo, kimo kiko salama, lakini ubora wa tofali umehamia kwenye kiasi cha udongo. Huwezi kuamuru kimo na presha kwa wakati mmoja. Kimo ukishakifunga, presha inatokana na kiasi ulichojaza. Udongo laini wa kina cha milimita 165 unashuka hadi 100. Tofali ni kama kilo 9 likiwa bichi, kwa hiyo kila milimita ya kina ni karibu gramu 55.

Chini ya bamba weka bolti mbili za M24 zenye nati za kufungia, kichwa juu. Uzi wake ni milimita 3 kwa mzunguko, kwa hiyo upande mmoja wa kichwa chenye pande sita ni nusu milimita kamili. Huhitaji chombo kingine cha kurekebishia. Bamba linashuka na kulala juu ya bolti hizo.

Tahadhari: silinda ikishuka kwa baa 200 inavigonga vichwa hivyo kwa tani 12. Weka vali ya usalama ya pili kwenye mstari wa upande wa shafti na uifunge kwenye baa 50, na nguvu inakuwa tani 3. Ukitaka itue taratibu, weka vali ya kupunguza mwendo kwenye mstari unaotoka nyuma ya silinda, iwe na njia huru ya kupandia. Usiiweke upande wa shafti kwa ajili ya kupunguza mwendo wa kupanda: silinda hii ina uwiano wa 1.33, na baa 200 nyuma inaweza kuwa 267 upande wa shafti, ambazo hozi yako huenda haikuandikiwa.

Kurekebisha kujaza, fuata mpangilio huu:

1. Weka vali kuu ya usalama baa 200 na kina cha kujazia milimita 158.
2. Shindilia. Tazama geji pale nguzo zinapogusa tu kifuniko, kabla presha haijaruka.
3. Ikiwa chini ya baa 160, shusha bolti zote mbili upande mmoja wa kichwa, yaani nusu milimita.
4. Rudia mpaka kugusa kutokee kati ya baa 160 na 170. Funga nati.
5. Fyatua matofali 10, pima kimo na uzito. Uzito ukicheza zaidi ya gramu 100 kwa juu au chini, tatizo liko kwenye kulisha.

Hiyo akiba ya baa 30 ndiyo inayobeba tofauti ndogo za udongo. Ukijaza mpaka kugusa kutokee baa 195, ndoo moja yenye unyevu tofauti itazuia silinda kufika na tofali litatoka refu.

Ulishaji unaharibika kwa mambo ya kawaida. Hopa (pipa la udongo linalojaza kisanduku) isishuke chini ya nusu, maana uzito wa udongo wa juu ndio unaoshindilia ule wa chini. Chekecha kwa wavu wa milimita 5 au 6. Kisanduku kitikisike mara mbili juu ya kalibu, kila mara mbili zilezile. Unyevu upime kwa donge: likamate, liachie kutoka usawa wa kifua, livunjike vipande vinne au vitano. Likitawanyika kama unga ni kavu, likibaki zima lina maji mengi. Mchanganyiko wenye saruji uishe ndani ya saa moja.

Vali na mabomba

Silinda mbili kwenye pampu moja zinataka vali mbili juu ya manifoldi moja (bloku ya chuma yenye njia za oili), na hapa makosa ni mengi. Vali ambayo katikati yake inaachia njia zote kwenda tangini inafaa ikiwa peke yake. Ukiweka mbili sambamba, moja ikifanya kazi nyingine iliyo katikati inamwaga oili yote tangini na silinda haisogei. Chagua vali ambayo katikati yake imefunga njia ya pampu na kuachia A na B (njia mbili ziendazo kwenye silinda) kwenda tangini, kisha weka vali moja ya umeme ya kupumzisha pampu ambayo iko wazi ikikosa umeme. Umeme ukikatika, presha inaondoka yenyewe.

Kwa kuwa A na B ziko wazi, silinda kuu itashuka kwa uzito wake ikiwa imebeba tofali juu. Kwenye mstari wake wa nyuma weka vali ya kuzuia kurudi inayofunguliwa kwa presha. Usiioanishe na vali ambayo katikati yake imefunga A na B: presha inanaswa kwenye mstari wa kuifungulia, nayo inabaki nusu wazi na silinda inatambaa.

Tangi lita 50, kichujio kwenye mstari wa kurudi, oili isizidi nyuzi 60. Karibu na bahari na kwingine kwenye joto tumia VG 68. Nyanda za juu kama Mbeya au Eldoret, VG 46 inaamka vizuri zaidi asubuhi.

Sensa na mpangilio wa kuamuru

Sensa haisimamishi silinda. Inaripoti kwamba chuma kimekutana na chuma. Ukilishika hilo, sensa za bei ya kawaida zinatosha: za ukaribu (zinazohisi chuma bila kukigusa), M12, za masafa ya milimita 4. Acha nafasi ya milimita 2, chuma kinachosomwa kipite mbele ya uso wake kwa ubavu, kisije kuugonga. Shikizo liwe la bamba la milimita 6. Shikizo la milimita 2 linatetemeka na kuhamisha alama. Swichi za mkono wa gurudumu zinafanya kazi pia, ila vumbi la saruji linazimaliza haraka.

Koili za volti 24 za mkondo mnyoofu mafundi huzifungia dayodi ya kuzima cheche. Dayodi peke yake inachelewesha vali kuachia. Tumia varista, au dayodi pamoja na zena, ambazo zinazima cheche bila kuichelewesha vali sana.

Mantiki ya kushindilia inahitaji sensa ya nguzo na swichi mbili za presha, moja ya 140 na nyingine ya 190:

Nguzo zikigusa kabla ya baa 140, udongo ulikuwa pungufu: tofali lina kimo sahihi lakini ni laini, lirudishwe hopani. Nguzo zikigusa kati ya 140 na 190, shikilia sekunde 1.5 ili hewa ya udongo itoke, kisha achia. Presha ikifika 190 na nguzo hazijagusa, udongo umezidi au jiwe limeingia: achia, fungua, toa. Taa tatu za rangi tofauti juu ya mashine zinampa mwendeshaji yote haya bila kusoma kitu.

Kisukumio kisiruhusiwe kupanda kutoa tofali mpaka sensa ya gari iseme kifuniko kimeondoka kabisa. Mwendeshaji awe na vitufe viwili vilivyoachana nusu mita, kila mkono na chake, na kizimio chekundu kinachokata koili zote.

Kifuniko kifanye kirefu kuliko kalibu kwa milimita 30 kila upande, na gari linaweza kusimama popote ndani ya nafasi hiyo bila madhara. Kituo cha kutolea kiwe usawa wa meza au milimita moja juu yake. Kikiwa chini, kisanduku kinapokuja kulisukuma tofali kinavunja ukingo wake wa chini.

Yanayorudi baada ya miezi

Kimo kinapungua polepole kwa siku kadhaa: vichwa vya nguzo vinaliwa, ongeza shimu ya 0.2. Kisukumio nacho kinaliwa na mchanga, ila kinafanya kinyume: tofali linarefuka. Kwa hiyo pima vyote viwili kwa kalipa kabla ya kugusa shimu, maana wakati mwingine vinafichana.

Kimo sawa lakini uzito unashuka kadiri siku inavyokwenda: udongo umeganda pembeni mwa kisanduku cha kulishia na ujazo wake umepungua. Kwangua kila baada ya mchanganyiko mmoja.

Upande mmoja mrefu kuliko mwingine: angalia kwanza udongo chini ya bolti za M24, kisha nguzo, kisha bushi za kuongozea bamba. Nafasi ya bushi ikizidi milimita 0.5, badilisha.

Silinda inafika lakini kwa kurukaruka: hewa, au sili ya shafti imekauka. Na presha ikichelewa kupanda mchana tu wakati asubuhi iko sawa, pampu ndiyo inayokwisha. Nguzo zitakulindia kimo kwa muda mrefu huku pampu ikifa, kwa hiyo andika kila wiki sekunde ambazo silinda inatumia kutoka kwenye bolti hadi kwenye nguzo, oili ikiwa moto na kalibu ikiwa tupu. Zikivuka tatu na nusu, agiza pampu.